Jinsi ya kusoma nembo ya askofu Mkatoliki, kuanzia kofia hadi kaulimbiu

Askofu anapokuja parokiani kutoa Kipaimara, nembo yake hufika kabla yake. Iko kwenye bango lililofungwa langoni, kwenye kitabu cha Misa, kwenye vitenge vya akina mama, na mwaka ambao michango imeingia vizuri, hata kwenye keki. Waulize waliovaa vitenge hivyo ile ngao ni ya nini, wengi watakujibu kwamba ni nembo ya jimbo. Sivyo. Jimbo laweza kuwa na nembo yake, lakini ile yenye kofia ya kijani juu na vishada vinavyoning'inia pembeni ni ya mtu. Ni ya askofu huyo, na akihamishwa anaondoka nayo.

Kuisoma hakuhitaji Kilatini wala miaka ya seminari. Kunahitaji tu ujue pa kuanzia. Wengi huanzia katikati, kwenye picha za samaki na nyota, na papo hapo wanaanza kubahatisha. Anzia nje. Vilivyo nje ya ngao, isipokuwa kaulimbiu, vinakuambia cheo, na kanuni zake ni za Kanisa zima, zilezile Kisumu na Roma. Vilivyo ndani ya ngao amevichagua askofu mwenyewe, kwa hiyo huko ndiko kwenye kazi. Ni kama nembo ya taifa iliyo kwenye sarafu zetu za Kenya: jogoo na shoka viko ndani ya ngao, simba na mikuki viko nje, na kila kimoja kina kazi yake.

Hatua ya 1: Hesabu vishada vya kofia

Juu ya ngao kuna kofia bapa yenye ukingo mpana, iitwayo galero. Kila upande inashuka kamba yenye mafundo, na kwenye kamba hiyo vinaning'inia vishada vya nyuzi vilivyopangwa kwa safu: kimoja juu, viwili chini yake, vitatu chini ya hivyo, na kuendelea. Tazama rangi kwanza, kisha uhesabu.

Kofia ya kijani yenye vishada sita kila upande, jumla 12, ni ya askofu. Haijalishi ni askofu wa jimbo, askofu msaidizi au aliyestaafu. Kijani yenye kumi kila upande, jumla 20, ni ya askofu mkuu. Nyekundu yenye 15 kila upande, jumla 30, ni ya kardinali. Hesabu upande mmoja tu. Ukikuta pande mbili hazilingani, mchoraji amekosea.

Usitafute kofia hiyo kichwani mwa askofu, maana haivaliwi tena. Papa Inosenti wa Nne aliwapa makardinali kofia nyekundu wakati wa Mtaguso wa Lyon mwaka 1245, na kwa karne nyingi kardinali alipofariki kofia yake ilitundikwa darini, juu ya kaburi lake, ikaachwa hapo mpaka ichakae na kuanguka yenyewe. Papa Paulo wa Sita aliifuta kama vazi mwaka 1969. Siku hizi inaishi kwenye michoro.

Historia ya huku kwetu inaonyesha vizuri jinsi kofia inavyofuata cheo. Zacchaeus Okoth alikuwa askofu wa Kisumu tangu 1978. Mwaka 1990 Kisumu ikapandishwa kuwa Jimbo Kuu, naye akawa askofu mkuu wake wa kwanza. Mtu yuleyule, mji uleule, lakini kwa kanuni vishada vilitoka 12 vikawa 20. Maurice Otunga, mwana wa Bungoma, alipitia ngazi zote tatu: askofu wa Kisii mwaka 1960, Askofu Mkuu wa Nairobi mwaka 1971, kardinali mwaka 1973. Kofia yake ilibadilika mara mbili, ya mwisho ikabadilika hadi rangi. Kwa hiyo ukikuta jiwe la msingi ambalo mwaka wake umefutika kwa mvua, vishada vinaweza kukupa fununu liliwekwa kabla au baada ya kupandishwa cheo.

Hatua ya 2: Tazama msalaba ulio nyuma ya ngao

Huu ni msalaba wa maandamano. Ncha yake ya juu hujitokeza kati ya ngao na kofia, na ya chini huchungulia chini ya ngao. Kipande kimoja cha kukingama ni askofu; viwili, cha juu kifupi kuliko cha chini, ni askofu mkuu. Ni njia ya haraka ya kuhakikisha ulichohesabu kwenye kofia. Kwenye mhuri mdogo ambao vishada vimeshikana na kuwa doa moja la wino, tegemea msalaba.

Hatua ya 3: Je, kuna palio?

Chini ya ngao, au ikiwa imezungushwa kuigusa, unaweza kuona utepe mweupe wenye misalaba midogo myeusi. Hiyo ni palio. Palio yenyewe ni ya sufu nyeupe na ina misalaba sita myeusi, na askofu mkuu huivaa mabegani juu ya kasula, lile vazi la nje la Misa, wakati wa Misa kubwa, mfano wa mwanakondoo aliyebebwa na mchungaji. Wanakondoo hubarikiwa Roma siku ya Mtakatifu Agnes, 21 Januari, na palio hubarikiwa siku ya Mitume Petro na Paulo, 29 Juni.

Palio ni ya askofu mkuu anayeongoza kanda ya kikanisa, yaani metropolitani. Kenya ina kanda nne: Nairobi, Mombasa, Nyeri na Kisumu. Kakamega, Bungoma, Eldoret, Kitale, Kisii, Homa Bay na Lodwar ziko chini ya Kisumu. Nakuru haiko. Watu wengi wa magharibi ya Kenya hushangaa kusikia hivyo, lakini Nakuru, pamoja na Kericho, iko katika kanda ya Nairobi.

Sasa chukua mfano wa Maurice Muhatia Makumba. Aliteuliwa askofu wa Nakuru mwaka 2009, na mwaka 2022 akateuliwa Askofu Mkuu wa Kisumu. Kwa kanuni, safari hiyo moja inabadilisha vitu vitatu nje ya ngao: vishada vinatoka 12 kuwa 20, msalaba unapata kipande cha pili, na palio inaongezeka. Ndiyo maana kutumia tena bango la zamani la askofu aliyepandishwa cheo ni kumshusha daraja mbele ya waamini wake.

Kuna askofu mkuu asiye na palio. Balozi wa Papa nchini ni askofu mkuu mwenye vishada 20 na msalaba wa vipande viwili, ila haongozi kanda, kwa hiyo hana palio. Usidhani imesahauliwa.

Hatua ya 4: Tazama kama kuna kilichozidi

Mwaka huohuo wa 1969 Vatikano iliagiza kwamba maaskofu na makardinali wasiweke tena mitra, ile kofia ndefu yenye ncha ya askofu, wala fimbo ya kichungaji kwenye nembo zao. Kofia na msalaba vinatosha. Hata hivyo bado utaona nembo zenye mitra na fimbo zimepachikwa nyuma ya ngao, hasa zile zilizochorwa na vijana wa kompyuta waliokusanya vipande huku na kule kwenye intaneti. Mimi nikiona mitra juu ya ngao, swali langu la kwanza huwa: je, hii ni nembo ya Kikatoliki kweli? Waanglikana hupenda kuweka mitra juu ya ngao, na kwao ngao mara nyingi ni ya dayosisi. Huku magharibi, ambako makanisa haya mawili yanapakana karibu kila soko, kuzichanganya ni rahisi.

Hatua ya 5: Ingia ndani ya ngao, lakini ujue kulia ni wapi

Kulia na kushoto kwa ngao huhesabiwa kwa mtu aliyeishika, siye anayeitazama. Simama nyuma ya ngao kwa mawazo: mkono wako wa kulia ndio upande ambao mtazamaji anauona kushoto kwake. Upande huo ndio wenye heshima zaidi, pamoja na sehemu ya juu.

Ngao ikigawanywa katikati kwa mstari wa wima, mara nyingi nusu iliyo kushoto kwako ni ya jimbo na nusu iliyo kulia kwako ni ya askofu binafsi. Desturi hii imeenea sana Marekani. Ukikuta ngao iliyogawanywa kwa namna nyingine, yenye robo nne au mstari wa mshazari, kwa kawaida yote ni ya mtu mmoja.

Hatua ya 6: Rangi, na mistari isiyo na rangi

Kuna metali mbili, dhahabu na fedha, ambazo huchorwa kwa njano na nyeupe. Halafu kuna rangi: nyekundu, bluu, kijani, nyeusi na zambarau. Kanuni ya zamani ni kwamba metali isikae juu ya metali wala rangi juu ya rangi. Sababu ni ya kawaida kabisa: nyota ya njano kwenye bluu inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, nyota ya kijani kwenye bluu haionekani. Bluu mara nyingi humhusu Bikira Maria, nyekundu damu ya wafiadini au Roho Mtakatifu, ila usiifanye sheria. Riboni za njano na nyeupe tunazofunga kwenye miti askofu anapokuja ni jambo jingine. Hizo ni rangi za bendera ya Vatikano, dhahabu na fedha za funguo za Petro.

Na nembo ikiwa nyeusi na nyeupe tu, kama kwenye mhuri au barua ya kichungaji iliyotolewa fotokopi ya fotokopi? Tazama kwa karibu, rangi inaweza kuwa imo. Tangu karne ya 17, kwa mfumo uliosambazwa na Mjesuti Silvester Petra Sancta, kila rangi ina mistari yake. Nukta ni dhahabu. Patupu ni fedha. Mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni bluu, ya mshazari kutoka juu kushoto kwako kushuka kulia ni kijani, na ya wima na ya kulala ikikatana ni nyeusi. Shika barua karibu na dirisha na utaona kwamba kile ulichodhani ni uchafu wa mashine ni mistari iliyonyooka, imepangwa, inaishia hasa pale umbo linapoishia.

Hatua ya 7: Alama zenyewe

Hapa ndipo palipo na utamu, na ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Niseme mapema: samaki si lazima awe ngege wa Ziwa Victoria.

Jifunzie kwenye nembo ambazo maelezo yake yametangazwa wazi. Ya Papa Fransisko ilikuwa ngao ya bluu yenye vitu vitatu. Juu kuna jua lenye herufi IHS, kifupi cha jina la Yesu, msalaba na misumari mitatu, alama ya shirika lake la Wajesuti. Chini, kushoto kwako, kuna nyota, ambayo ni Maria. Kulia kwako kuna ua la nardo, ambalo katika mapokeo ya nchi zinazosema Kihispania humhusu Yosefu. Nembo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2013 nyota ilikuwa na ncha tano, na nardo ilichorwa hivi kwamba watu walidhani ni kichala cha zabibu. Baadaye ikarekebishwa: nyota ikawa na ncha nane, nardo ikaonekana nardo. Kama Vatikano yenyewe ilirudia mchoro, kamati yako isione haya kumrudisha mchapishaji.

Ya Papa Leo wa Kumi na Nne imegawanywa kwa mshazari. Sehemu ya juu ni ya bluu yenye ua jeupe la yungiyungi, Maria tena. Sehemu ya chini ni nyeupe yenye kitabu kilichofungwa na moyo uliochomwa mshale juu yake. Hiyo ni alama ya shirika la Mtakatifu Augustino, ambamo alikuwa mtawa. Ya Yohane Paulo wa Pili ilikuwa nyepesi kuliko zote: msalaba uliosogezwa pembeni na herufi M chini yake, Maria chini ya msalaba. Mimi naipenda hiyo kuliko nyingine. Ngao iliyojazwa mlima, ziwa, jembe, Biblia, kalisi, njiwa na ramani ya kaunti haisomeki hata ukiibandika ukutani.

Kwa mifano hiyo, ukiwa mbele ya nembo ya askofu wako, uliza maswali matatu. Alitoka shirika gani, au alikuwa padri wa jimbo? Ana ibada kwa mtakatifu gani, au kanisa kuu lake lina msimamizi gani? Na nyumbani kwao ni wapi, au amepelekwa wapi?

Swali la kwanza lina uzito huku kwetu kwa sababu imani ililetwa na mashirika. Wamisionari wa Mill Hill walifanya kazi Kisumu na Kakamega, wale wa Mtakatifu Patriki kutoka Kiltegan walifanya kazi Eldoret na Nakuru. Jina kamili la Mill Hill linamtaja Mtakatifu Yosefu, na kanisa kuu la Kakamega ni la Yosefu. Sasa ukiona yungiyungi kwenye ngao ya askofu wa magharibi, ni ya Maria au ya Yosefu? Yaweza kuwa ya yeyote kati yao. Tazama jirani yake: ikiwa kando ya nyota, elekea kwa Maria, ikiwa kando ya vifaa vya seremala, msumeno au randa, elekea kwa Yosefu.

Samaki ni vivyo hivyo. Anaweza kuwa ziwa, maana Kisumu bila ziwa si Kisumu. Anaweza kuwa Petro mvuvi na wito wake. Anaweza kuwa samaki wa Wakristo wa kwanza, ambaye herufi za jina lake kwa Kigiriki zilisimama badala ya Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Mawimbi ya bluu na nyeupe yanaweza kuwa ziwa au maji ya ubatizo. Mlima unaweza kuwa Elgon au Sinai. Mara nyingi askofu anakusudia vyote viwili kwa pamoja, na huo ndio ufundi wenyewe. Nanga ni tumaini, funguo ni Petro, upanga ni Paulo, kombe la pwani ni hija au ubatizo. Hivyo havina utata sana.

Umbo la ngao halina kanuni. Ikiwa imechorwa kama ngao ya Kiafrika yenye ncha mbili, ni uchaguzi wa askofu, na haibadilishi cheo chake.

Usikwame kwenye kubahatisha. Tafuta kitabu cha Misa cha siku alipowekwa wakfu au kusimikwa. Maelezo ya nembo huchapwa humo mara nyingi, katika kurasa za mwanzo au za mwisho. Akina mama wa kigango huhifadhi vitabu hivyo kuliko ofisi yoyote.

Hatua ya 8: Kaulimbiu

Iko kwenye utepe chini. Huchaguliwa na askofu, kwa Kilatini, Kiingereza, Kiswahili au lugha yoyote, na mara nyingi ni kipande cha Maandiko au cha maandishi ya mtakatifu. Usitosheke na tafsiri ya maneno mawili matatu. Nenda ukasome sehemu yote yalikotoka. Maneno ya Fransisko, *Miserando atque eligendo*, yanatoka kwenye mahubiri ya Mtakatifu Beda kuhusu Yesu kumwita Mathayo mtoza ushuru: alimtazama kwa huruma, akamchagua. Bila Mathayo na meza yake ya ushuru maneno hayo yanaelea hewani. *Totus Tuus* ya Yohane Paulo, "wako mzima", inaelekezwa kwa Maria, na inafungamana na ile M iliyo kwenye ngao. Kaulimbiu na ngao zikielezana hivyo, umeshaisoma nembo.

Kama ni wewe unayechapisha

Omba faili ofisi ya jimbo, ile inayoweza kukuzwa bila kupasuka. Usipige picha ya kitenge cha mwaka juzi. Ukipewa rangi, usizibadilishe. Nimeona kofia ya askofu ikipakwa zambarau ili iende na rangi za Kwaresima, na wenye kamati wakaisifu.

Kwa fulana zinazopigwa kwa joto, picha hugeuzwa kwenye karatasi ili itoke sawa kwenye kitambaa. Fundi akisahau kuigeuza, au akiigeuza mara mbili, kaulimbiu itasomeka kinyumenyume na utagundua. Lakini ngao isiyo na maandishi itatoka imegeuka na hakuna atakayesema neno. Chagua alama moja iliyo upande mmoja, nyota kwa mfano, uandike kwenye karatasi iko upande gani, na ulinganishe fulana ya kwanza kabla hazijapigwa nyingine.

Kwa vitenge, ongea na fundi cherehani mapema. Ngao ikichapwa kwa kurudiarudia kitambaa kizima, zingine zitakatwa nusu kwenye mshono na zingine zitakaliwa. Afadhali nembo moja kubwa ya mgongoni au kifuani na sehemu nyingine ziwe na maua tu.

Jimbo likipata askofu mpya, mialiko, vyeti na mabango mapya yachukue nembo mpya mara moja. Mawe ya msingi ya zamani yaachwe yalivyo, pamoja na nembo ya aliyeyabariki. Na jiwe jipya likiagizwa, mwambie mchongaji akutumie picha ya mchoro wa kalamu kabla hajagusa patasi, uhesabu vishada vya kushoto, kisha vya kulia, kisha uangalie msalaba.